Bugaluu ya Inchi 28

Mazungumzo kibarazani kwa fundi cherehani, Choma cha Nkola

Cherehani ya fundi ni ya kukanyaga, mkanda wake umeungwa kwa waya, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuigusa. Mwalimu wa sekondari alipita asubuhi kuchukua suruali yake. Alikuwa na karatasi mbili mkononi.

MWALIMU: Mwangaluka, Guku.

FUNDI: Mwangaluka, ng'wanawane. Kaa hapo, ila usikalie kitambaa cha watu. Suruali yako imebaki mguu mmoja. Inchi 12 chini, kama ulivyotaka. Sijui utapitishaje kisigino.

MWALIMU: Itapita tu, ndizo zinazovaliwa siku hizi. Lakini sikujia suruali peke yake. Jumamosi tuna mkutano wa wazazi, nimepewa hotuba ya maadili ya vijana. Nikasema nipite kwako, Guku, unipe methali mbili tatu za kuitia chumvi.

FUNDI: Soma nisikie inavyohitaji chumvi.

MWALIMU: "Ndugu wazazi, vijana wetu wameharibiwa na simu. Wanaiga kila wanachokiona Dar es Salaam na Ulaya. Zamani kijana wa Kinyamwezi na wa Kisukuma alitulia, akamsikiliza mzee, akavaa kwa heshima. Leo wananyoa viduku, wanavaa mlegezo, wanaiga..."

FUNDI: Ishia hapo. Hilo neno "wanaiga" liko mara ngapi kwenye hizo karatasi?

MWALIMU: Ngoja nihesabu. Saba.

FUNDI: Saba! Nimekanyaga hii cherehani tangu 1971. Nimeshona suruali za watoto, baba zao na babu zao, na kila kizazi kilipokaa hapo kilisema cha mwenzake kimeiga. Kama vijana wangekuwa wanaiga, mwalimu, ningekuwa tajiri. Ningenunua kitambaa cha aina moja, nikakata suruali mia za kipimo kimoja, nikalala. Sijawahi kulala. Unajua kwa nini?

MWALIMU: Kwa sababu mitindo inabadilika kila mara.

FUNDI: Na kwa nini inabadilika?

MWALIMU: Wanaona mpya kwenye simu, wana... wanaiga.

FUNDI: Nane. Hebu niambie, unafundisha somo gani?

MWALIMU: Kiswahili.

FUNDI: Vizuri. Denge ni nini?

MWALIMU: Ndege?

FUNDI: Denge! Fungua kamusi, herufi D. Kunyoa denge ni kunyoa pembeni na kuacha nywele utosini. Neno hilo lilikuwapo kabla babu yako hajazaliwa. Na hicho kiduku mnachowafukuzia watoto mistarini ni nini? Pembeni hakuna, katikati zipo. Aliyemnyoa denge babu wa babu yako alimwonyesha simu gani?

MWALIMU: Sikulijua hilo. Lakini huo ni unyoaji tu, Guku. Kwa jumla, zamani vijana walikuwa chini ya wazee.

FUNDI: Walikuwa njiani, mwalimu, hawakuwa chini ya mtu. Huu mkoa wetu ulijengwa na vijana waliokuwa njiani. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Mzigo wa frasila mbili begani, kilo thelathini na ushee, kutoka Tabora kupita Tura, Mgunda Mkali, Ugogo, mpaka Bagamoyo. Kijana asiyewahi kuiona pwani alikuwa kama mtoto. Burton, yule Mwingereza aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857, aliandika kwamba Wanyamwezi waliihesabu kazi hiyo kuwa kipimo cha uanaume. Na mbele ya msafara alitembea kirangozi. Unajua alivaaje?

MWALIMU: Kaniki, nadhani.

FUNDI: Kaniki ni ya mtu wa nyuma. Kirangozi alijifunga joho jekundu, ngozi ya mbega mgongoni, manyoya kichwani. Mvue manyoya umvike miwani nyeusi, umpandishe pikipiki, tayari una kijana wa stendi. Halafu wakaja ruga-ruga, wapiganaji wa Mtemi Mirambo pale Urambo, miaka ya 1870: vijana wasio na mke wala shamba, nywele ndefu, vitambaa vyekundu, mashanga, bangi. Wazee wa wakati huo nao walilia kwamba dunia imekwisha. Wao walikuwa na haki kidogo, maana wale walichoma vijiji. Huyu wako wa kiduku amechoma nini?

MWALIMU: Basi tukubali fujo zilikuwapo. Lakini hata hao wapagazi, Guku, walikwenda pwani, wakaona, wakarudi wamevaa kama watu wa pwani. Huko si kuiga?

FUNDI: Hapo ndipo nilipokuwa nakungoja. Acha nitie uzi, jambo hili halisemwi na sindano tupu.

Sikiliza habari ya shanga. Zilitengenezwa Venice, zikaletwa Unguja kwa meli, zikabebwa bara. Burton alitaja aina zipatazo 400, kila aina na jina lake na mahali pake. Nyekundu ya samesame ilipendwa mno mpaka ikapewa jina la kivunja mji, kwa kuwa wanawake walikuwa tayari kuvunja nyumba zao kwa ajili yake. Sasa wewe ni mfanyabiashara, uko Unguja. Ungenunua zipi?

MWALIMU: Zile zinazovaliwa pwani. Watu wa bara wangeziiga.

FUNDI: Ungefilisika, mwalimu! Ungefika Tabora na magunia yako watu wakakucheka. Stanley, Mzungu mwingine, aliyajua hayo kabla ya kuondoka Bagamoyo mwaka 1871, akahangaika kweli kuchagua. Nyeusi zinapokewa Ugogo, ukivuka Ugogo hazina thamani. Zile kubwa kama yai zinatakiwa Ujiji, kwingine kwingi zinakataliwa. Na aliandika kwamba Burton ilimbidi atupe shanga tele zilizokosa mwenyewe. Tupa! Zimetoka Venice, zimevuka bahari, zimebebwa mabegani mwa watu siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, zinatupwa porini kwa sababu mabinti wa huku wamesema hizo hapana. Sasa niambie, nani alikuwa anamwiga nani?

MWALIMU: Ina maana Venice ilikuwa inatufuata sisi?

FUNDI: Andika hilo. Na siyo shanga peke yake. Merikani, ile shuka iliyotoka viwanda vya Massachusetts, ilikubalika kwa uzito na upana walioutaka watu wa huku, na Bombay walipotaka kuingia sokoni ilibidi watengeneze inayofanana nayo. Mzungu na Mhindi ndio walioiga, na waliiga kwa ajili ya mpagazi mwenye vumbi miguuni. Babu yangu hakuwahi kupewa asante.

MWALIMU: Sasa kama hawakuiga, shanga ya leo ilichaguliwa na nani, na kwa nini ile ya jana ikakataliwa?

FUNDI: Ahaa. Leo ndiyo umeuliza swali. Wewe ni wa Bagika au wa Bagalu?

MWALIMU: Mimi sichezi ngoma, Guku. Babu yangu alikuwa Bagalu.

FUNDI: Nilijua. Unaonekana. Mimi ni Bagika. Mambo yenyewe unayajua, ya Ngika na Gumha, waanzilishi wa hayo makundi mawili ya ngoma, na dawa zao, siyarudii. Nataka kitu kimoja tu: uwanja. Mavuno yamekwisha, ni Juni au Julai. Bagika huku, Bagalu kule, ngoma mbili, saa moja, uwanja mmoja. Jaji nani?

MWALIMU: Mtemi?

FUNDI: Hakuna jaji! Jaji ni miguu ya watu. Watazamaji wako katikati. Ningi wetu, mtunga nyimbo, akitoa wimbo mtamu, watu wanahamia kwetu. Wale wakitoa chatu kwenye kapu, watu wanakwenda kwao. Mwisho wa siku mwenye umati ndiye mshindi. Sasa weka akili hapo, maana hapo ndipo penye kila kitu. Mwaka jana wao wametoa chatu, wakatushinda. Mwaka huu sisi tufanye nini?

MWALIMU: Mtoe chatu mkubwa zaidi.

FUNDI: Mtoto wa Bagalu wewe! Tukitoa chatu, watu watasema Bagika wameishiwa, wanafuata wenzao. Hata akiwa mkubwa kama mbuyu. Tutatoa fisi. Tutatoa nungunungu. Tutatoa majembe yanayorushwa hewani na kudakwa. Chochote, ila chatu hapana. Kuiga ni kushindwa. Ukimwiga mpinzani wako mchana watu wanahama uwanjani. Umenielewa?

MWALIMU: Nimeelewa kwamba ngoma ilikuwa na ushindani.

FUNDI: Hujaelewa, umesikia tu. Narudia. Mtindo hauanzi kwa kumtazama unayempenda. Unaanza kwa kumtazama unayetaka kumshinda, ukafanya asichokifanya yeye. Kinachofanana ndani ya kundi ni sare, watu wa kundi moja wajuane. Ila mtindo wenyewe, ile nguvu inayouzaa na kuuua, ni yule wa ng'ambo ya pili. Muondoe yeye, utaona watu wanavaa nguo ileile miaka hamsini.

Ngoja nikuonyeshe kitu. Fungua hilo sanduku. Chini kabisa, chini ya magazeti.

MWALIMU: Guku! Hii ni suruali au hema?

FUNDI: Hiyo ni bugaluu. Tabora, 1974. Pima chini, futi hiyo hapo shingoni kwangu.

MWALIMU: Ishirini na... inchi 28!

FUNDI: Mzunguko wa chini, 28. Paja limebana, goti limebana, halafu inafunguka kama tarumbeta. Angalia ndani: hizo pembetatu mbili nimezipandikiza kwenye mshono wa nje na wa ndani, maana upana wa kitambaa haukutosha. Na huo utepe mweusi kwenye pindo ni zipu, nimeikata nikaishona kuzunguka chini ili vumbi la Tabora lisile kitambaa. Wa kwanza kufikisha 28 mji ule alikuwa mimi. Kuna fundi mmoja wa mtaa wa Isevya alidai ni yeye, alikwisha kufa, Mungu amrehemu, ila alikuwa mwongo.

Sasa sikia ilivyokuwa. Vijana wa mtaa wa Ng'ambo walikuja kwangu wakataka inchi 22. Nikashona. Wiki mbili hazijapita, vijana wa Isevya wametoka na 24 kwenye dansi. Wa Ng'ambo wakarudi mbio: Fundi, 26! Hawakuniambia wameona picha ya mwanamuziki wa Marekani. Picha ilikuwapo, ndiyo, imebandikwa ukutani pale, lakini ilikaa mwaka mzima bila mtu kuniletea kitambaa. Walikuja siku Isevya walipotoka na 24.

MWALIMU: Kwa hiyo picha ilikuwa mbegu, Isevya ndio mvua.

FUNDI: Umesema vizuri kuliko hotuba yako yote. Na chozi la uchungu ni kwamba mtu wa Bagika nilijenga nyumba kwa kitu kinachoitwa bugaluu. Mke wangu alinicheka mpaka kufa kwake.

Na siku hizo kila kitambaa kilichobaki nilikirudisha kwa mwenyewe, hata kama ni cha kutosha kiraka tu. Mafundi wa leo wanapeleka mabaki nyumbani, wanashonea watoto wao. Fundi anayeiba inchi tatu za mteja ataiba na mita. Hilo lingefaa kwenye hotuba ya maadili, lakini nani atalisema? Wazazi wenyewe ndio mafundi.

MWALIMU: Tuko kwenye bugaluu, Guku.

FUNDI: Niko hapohapo. Hata neno lenyewe "mtindo", watu wa muziki walilielewa zamani. Bendi haikuwa bendi bila mtindo wake wenye jina. Western Jazz ya Dar es Salaam walikuwa na Saboso. NUTA walikuwa na Msondo. Tabora Jazz yetu, Segere Matata. Mlimani Park walipoanza mwaka 1978 hawakusema nasi tupige Msondo maana watu wanaupenda. Walitoka na Sikinde, na mji mzima ukagawanyika, huyu Sikinde, yule Msondo. Mtindo ni jina la kutofautiana. Yanga ilianza 1935, Simba 1936. Mwaka mmoja tu, mwalimu! Mtu mmoja peke yake hawezi hata kucheza mpira.

MWALIMU: Lakini Guku, hayo ni ya watu wazima na mambo yenye mpango. Hawa wa simu hawana kundi. Kila mmoja kainamia kioo chake.

FUNDI: Hawana kundi? Nenda stendi ukamwambie kijana wa Team Diamond kwamba Ali Kiba anaimba vizuri zaidi, halafu urudi ukiwa na meno. Nenda pale kibanda cha kuchaji simu, yule kijana anayewekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Atakwambia: kijiwe cha stendi wanataka singeli, kijiwe cha mnadani wakisikia hivyo wanataka nyimbo za Kisukuma za kinanda, zile zinazorekodiwa huku kwetu. Wametoka shule moja, wanakula mihogo ya mama mmoja. Stendi walipofunga taa za bluu chini ya tenki la pikipiki, mnadani hawakufunga taa. Walifunga spika. Simu ni uwanja, mwalimu. Zile namba za watazamaji chini ya video ni nini?

MWALIMU: Ni... miguu ya watu.

FUNDI: Wanahama kama walivyohama. Ni Bagika na Bagalu, sema uwanja umekuwa mkubwa na vumbi limepungua.

MWALIMU: Nina mfano unaokupinga. Nilionyeshwa video za Indonesia, mwaka 2022. Vijana wa vitongoji vya nje ya Jakarta, Citayam, Bojonggede na Depok, walikuwa wanapanda treni mpaka katikati ya jiji, pale Dukuh Atas kwenye maghorofa. Wakageuza kivuko cha wapita njia kuwa jukwaa la mavazi. Taa ikiwa nyekundu kwa magari, wanavuka kwa madaha, wamevaa kila aina ya nguo, nyingine za bei ya chini kabisa. Wenyewe wakapaita wiki ya mitindo ya Citayam. Hao hawakuwa na Bagalu wao. Walikuwa wanaiga Paris.

FUNDI: Pembeni ya hicho kivuko kuna nini?

MWALIMU: Ofisi. Benki. Maduka makubwa.

FUNDI: Na walio kwenye magari, wakingoja taa, ni akina nani?

MWALIMU: Wenye... wenye mji.

FUNDI: Basi hao ndio Bagalu wao. Mtoto wa kitongoji amekuja kuwachezea wenye mji mbele ya magari yao, kwa nguo ambazo wao hawawezi kuzivaa wakaenda ofisini. Iliishaje?

MWALIMU: Watu maarufu wakaanza kwenda kupiga picha. Kisha mmoja wao, mwigizaji, kupitia kampuni yake akaomba kusajili lile jina liwe alama yake ya biashara. Watu wakamjia juu, akaliondoa ombi. Na maofisa wakawa wanawatawanya vijana kwa sababu ya msongamano. Baada ya hapo pakapoa.

FUNDI: Wenye mji walipovuka kivuko, mchezo ukaisha! Umeona? Sikuwahi kufika Jakarta na nimekwambia.

MWALIMU: Lakini nimesema pia maofisa waliwatawanya.

FUNDI: Hao si kitu.

MWALIMU: Huenda ndio walikuwa sababu kubwa, Guku.

FUNDI: Maofisa hawaui mtindo, mwalimu, wanaunenepesha! Oktoba 1968, nikiwa na miaka kumi na sita, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, marufuku sketi fupi, marufuku wigi, marufuku mafuta ya kujichubua, marufuku suruali za kubana. Angalia jina: vijana wakiwapiga marufuku vijana. Wa sare za kijani dhidi ya wa suruali za kubana. Hata kwenye marufuku kulikuwa na timu mbili! Novemba mwaka huohuo wa 1969 ukapigwa marufuku na muziki wa soul kule Dar es Salaam. Je, soul ilikufa?

MWALIMU: Sidhani.

FUNDI: Miaka mitano baadaye ninashona bugaluu, viatu vya raizon miguuni, nywele kama mzinga wa nyuki. Na sasa shika hilo la suruali, maana huwa linanichekesha nikiwa peke yangu hapa. Mwaka 1969 mhuni ni mwenye suruali ya kubana. Mwaka 1974 mhuni ni mwenye suruali pana. Vijana wa bugaluu wakazeeka, wakazaa, na mtoto alipokuja kwangu kutaka modo ya kubana, baba yake, huyohuyo niliyemshonea 26, alisimama hapo ulipokaa akasema: Fundi, usimshonee, huo ni uhuni. Nikamwuliza, upana gani hasa ndiyo heshima? Nitajie inchi. Hakunitajia.

MWALIMU: Kwa hiyo kwako hakuna tatizo lolote kwa vijana wa leo?

FUNDI: Nani kasema? Yapo. Shamba la baba ekari kumi, watoto wanane, gawanya. Bei ya pamba anaipanga mtu ambaye hajawahi kuona pamba ikipaliliwa. Kijana anauza ng'ombe wa nyumbani, ananunua pikipiki, mwaka wa pili pikipiki imechakaa, ng'ombe hayupo. Hayo ni matatizo. Lakini kuyasema kwenye mkutano kunahitaji moyo, maana mwenye kujibu yuko meza kuu. Nywele hazina mwenyewe meza kuu, kwa hiyo tunazipiga nywele. Nilimwona mwalimu mmoja, si wa shule yako, akimkata mtoto nywele kwa mkasi mbele ya wenzake, vipande vipande kama anakata majani. Yule mtoto hakurudi shule. Kwa kiduku!

MWALIMU: Hilo halikuwa sawa.

FUNDI: Halikuwa sawa, na halikufanya kazi. Jumatatu iliyofuata wenziwe sita walikuja wamenyoa hivyohivyo. Kwa nini? Sema mwenyewe, nimechoka kurudia.

MWALIMU: Kwa sababu mwalimu alikuwa amejifanya timu ya pili.

FUNDI: Mungu mkubwa. Sasa uulize na mtindo unakufaje.

MWALIMU: Unakufaje?

FUNDI: Bugaluu yangu ya 28 ilikufa siku moja, mchana. Bwana mmoja mkubwa wa ofisi, ana kitambi, ana watoto saba, alikuja akaniambia: Fundi, na mimi nitolee ile pana. Nilimshonea, pesa ni pesa. Akaivaa sokoni. Jioni ileile kijana wa Ng'ambo aliyekuwa ameniachia kitambaa tangu Jumatatu alikuja akasimama mlangoni, akasema, kile kitambaa nishonee kaptula. Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyehutubia.

MWALIMU: Kwa hiyo hotuba niiandikeje?

FUNDI: Kwanza futa "wanaiga" zote nane.

MWALIMU: Saba, Guku. Ya nane nilisema kwa mdomo.

FUNDI: Nayo ifute. Halafu shika suruali yako, imekwisha. Ijaribu hapo nyuma ya pazia. Taratibu kwenye kisigino, nimekwambia.

(Mwalimu anaingia nyuma ya pazia. Pikipiki inasimama nje, muziki unazimwa. Anashuka kijana wa bodaboda mwenye mfuko wa plastiki wenye jinzi mbili ndani.)

KIJANA: Shikamoo, Fundi.

FUNDI: Marahaba. Umeleta hizo?

KIJANA: Nimeleta. Zipunguze ziwe modo, chini inchi 12. Zote mbili. Nazitaka kabla ya siku ya mnada.

FUNDI: Inchi 12. Kaa, nichukue kipimo cha goti.

(Mwalimu anatoka nyuma ya pazia, anatembea kidogo kama mtu aliyekanyaga moto, anajitazama miguu.)

MWALIMU: Imekaa vizuri sana, Guku. Eti, kijana, unaionaje?

KIJANA: Shikamoo, mwalimu. Safi... imekutoa, mwalimu.

(Kimya. Kijana anaitazama ile suruali, kisha mfuko wake, kisha sanduku lililo wazi na ile bugaluu iliyolala juu ya magazeti.)

KIJANA: Fundi.

FUNDI: Nakusikia.

KIJANA: Hizi zangu usizipunguze kwanza. Kitambaa cha kuongezea kwa pembeni unacho? Nataka mabwanga.